GA wa chuo kikubwa au kocha wa chuo kidogo: pa kuanzia ukocha wa kikapu vyuoni Marekani

Tuseme ni Aprili. Miaka yako minne ya kucheza imekwisha, goti la kushoto linakukumbusha kila ukipanda ngazi, na umeshakubali kwamba hakuna timu ya Ulaya itakayokupigia simu. Lakini kikapu hutaki kukiacha. Ulitoka Mwanza, Kisumu au Bukavu kwa ajili yake, na sasa una ofa mbili mkononi.

Ya kwanza ni ya chuo kikubwa cha Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani: ukumbi wa watu elfu kumi na tano, ndege ya kukodi, nembo ambayo hata shemeji yako asiyejua ribaundi ni nini anaitambua. Utakuwa GA, yaani mwanafunzi wa uzamili anayelipiwa ada na kupewa posho ili aitumikie timu. Ya pili ni ya chuo cha Daraja la Pili, mji mdogo, safari za ugenini kwa basi, na benchi la makocha watatu, wewe ukiwa mmoja wao. Huko nako utasoma uzamili, na posho nayo ni ya kubana.

Wengi huikimbilia nembo, na siwalaumu. Nembo inapendeza kwenye picha ya kutuma nyumbani. Mimi lakini ningeuliza kwanza: katika msimu mzima, mechi ngapi zitakuwa zangu?

Mechi kuwa yako

Ukiona vyaelea vimeundwa, na kwenye kikapu cha vyuo waundaji ni wasaidizi. Timu ya Daraja la Kwanza hucheza takribani mechi 30 kabla ya mashindano ya mwisho wa msimu, na wasaidizi hugawana wapinzani. Ukipewa mpinzani wa kumchunguza, hiyo ndiyo skauti yako, na mechi ni yako kwa maana halisi ya neno.

Mechi ikiwa Jumamosi, Jumatatu usiku uko mbele ya kompyuta unatazama mechi nne au tano za mwisho za hao jamaa. Unakata vipande. Unasimamisha video kila kocha wao anapoinua ngumi au kujigusa kichwa, uone ni mchezo gani unafuata. Unaandika kwamba namba nne wao akipokea mpira upande wa kushoto lazima arudi mkono wa kulia, na kwamba yule mrefu hachelewi kukasirika akisukumwa mapema. Yote hayo unayabana yaingie kurasa mbili na dakika kumi za video, maana dakika ya kumi na moja vijana wameshaanza kuangalia simu. Alhamisi unaingia uwanjani na wachezaji wa akiba, unawafundisha waigize michezo ya mpinzani ili timu ya kwanza ijifunze kuikaba. Jumamosi unakaa karibu na kocha mkuu, na mwendesha mchezo wao akiinua ngumi tu, wewe ndiye unayepiga kelele jina la kinachokuja kabla hakijaja.

Mkifungwa kwa mchezo ambao hukuuonyesha, hakuna atakayesema kitu kwenye basi. Kila mtu anajua skauti ilikuwa ya nani.

Hapo ndipo ukocha unapojifunzwa, na hapo ndipo ofa zako mbili zinapoachana. Kikapu cha Daraja la Kwanza kina kanuni ya idadi ya makocha. Kwa miaka mingi ilikuwa kocha mkuu na wasaidizi watatu. Tangu Julai 2023 wasaidizi wameruhusiwa kufika watano, ingawa wale wawili wa nyongeza waliruhusiwa kufundisha bila kutoka nje kusaka wachezaji. GA si mmoja wao. Kanuni ilivyozoeleka ni kwamba asiye kwenye orodha ya makocha hatoi mafunzo uwanjani. Utakata video za skauti ya mtu mwingine, utawarushia wachezaji mpira wakipiga mitupo yao usiku, utapanga viti, utakwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Ni kazi za kweli, na usipozifanya vizuri utaonekana haraka kuliko ukizifanya vizuri. Ila unaweza kumaliza miaka miwili hujawahi kumwambia mchezaji, kwa sauti na mbele ya wenzake, kwamba mguu wake umekaa vibaya.

Kule Daraja la Pili, kwa kuwa watu hawatoshi, utapewa skauti yako mwezi wa kwanza, pengine kabla hujajua ofisi ya fotokopi iko wapi. Utafundisha mabigi, yaani wale warefu wa chini ya kikapu, asubuhi, utafua jezi usiku, utaendesha gari la timu ikibidi. Utakosea mbele ya watu mia tatu badala ya elfu kumi na tano, na kwa kweli hiyo ni faida.

Waliopita kila njia

Mfano ninaoupenda wa njia ya wadogo ni Shaka Smart, na si kwa sababu tu alipewa jina la mfalme wa Wazulu. Alicheza Kenyon College, chuo cha Daraja la Tatu ambako hakuna hata ufadhili wa michezo. Alipohitimu 1999 alimfuata kocha aliyewahi kumsajili Kenyon, ambaye wakati huo alikuwa California University of Pennsylvania. Usidanganywe na jina: chuo kiko Pennsylvania na timu yake ilikuwa ya Daraja la Pili. Alikaa miaka miwili, akafundisha huku akichukua uzamili. Kisha Dayton kwenye kazi ya ofisi, Akron, Clemson, Florida, na mwaka 2009 chuo cha VCU, kule Virginia, wakamfanya kocha mkuu. Mwaka 2011 aliipeleka timu hiyo hadi nusu fainali ya taifa, ikianzia kwenye hatua ya awali kabisa ya mashindano. Kijana asiye na jina la kuuza alipanda ngazi moja moja, na kila ngazi alikuwa na kazi ya kuonyesha.

Upande wa pili mfano wake ni mzito vilevile. Bill Self, kama anavyosimulia mwenyewe, aliumia goti akifanya kazi kwenye kambi ya majira ya joto ya Kansas mwaka 1985. Larry Brown, kocha mkuu wa Kansas, alipomuuliza amsaidie nini, Self akamjibu: niajiri niwe GA. Alikaa msimu mmoja tu, 1985–86, msimu ambao Kansas ilifika nusu fainali ya taifa. Kisha akapata usaidizi Oklahoma State, akadumu hadi 1993. Baadaye alirudi Kansas kama kocha mkuu na kuchukua ubingwa wa taifa 2008 na 2022.

Ukiwatazama wawili hao utaona kilichomnufaisha Self hakikuwa jezi ya Kansas peke yake. Alikaa mwaka mmoja na kuondoka kwenda mahali pa kufundisha. GA anayeshindwa ni yule anayeng'ang'ania chuo kikubwa miaka mitatu au minne, akihama kutoka cheo cha ofisi kwenda cheo kingine cha ofisi, akingoja nafasi ifunguke. Kila msimu anajuana na watu wengi zaidi, na kila msimu hakuna anayejua kama anaweza kufundisha.

Kuna na njia ya tatu ya mlango wa nyuma. Brad Stevens aliacha kazi nzuri ya ofisini kwenye kampuni ya dawa ya Eli Lilly mwaka 2000, akaenda chuo cha Butler kujitolea. Mwaka 2007 alikuwa kocha mkuu hapo, akiwa na miaka 30, akafika fainali mbili mfululizo, 2010 na 2011. Nalitaja tu. Mwenye viza ya mwanafunzi na anayetuma hela nyumbani kila mwezi hana nafasi ya kujaribu hilo.

Fedha, na kwa nini ni kidogo

Kwenye fedha za kuanzia tofauti ya ofa zako ni ndogo. Zote mbili utakula tambi. Tofauti inakuja miaka mitano au kumi mbele. Wasaidizi wa juu kwenye vyuo vikubwa hulipwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Msaidizi wa Daraja la Tatu, kwenye kundi lenye vyuo zaidi ya 400, mara nyingi ana kazi nyingine mchana.

Ufukara wa chini una historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1992 NCAA ilianza kutumia kanuni ya kumfunga mmoja wa makocha wa kila timu ya Daraja la Kwanza asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka: 12,000 za mwaka wa masomo na 4,000 za kiangazi. Cheo chenyewe kiliitwa kocha wa kipato kilichozuiwa, jina ambalo sijui nani alilikubali bila kuona haya. Watu wazima wenye familia wakafundisha kwa mshahara huo. Makocha walishtaki kwa sheria ya ushindani wa biashara, mahakama ya rufaa ikawapa haki Januari 1998, na mwaka 1999 NCAA ikakubali kulipa dola milioni 54.5 kumaliza kesi. Kanuni ilikufa. Mazoea ya kudhani kwamba kocha kijana anapaswa kushukuru kwa kupewa kiti, hayo bado yapo kwenye ofisi nyingi, kubwa na ndogo.

Na kazi hii haijui likizo. Jim Boeheim alipopewa timu ya Syracuse mwaka 1976, alimfuata Rick Pitino hotelini New York usiku wa harusi yake, akamkalisha chini kwa mahojiano ya kazi ya usaidizi huku bibi harusi akingoja juu chumbani. Wote wawili husimulia kisa hiki wakicheka. Mke wa Pitino nadhani alihitaji muda kidogo.

Kamba ya bosi

Msaidizi hana kazi yake mwenyewe. Ana sehemu ya kazi ya mtu mwingine. Kocha mkuu akifukuzwa Machi, anayekuja huja na watu wake, na wewe unafungasha. Kwa hiyo ukilinganisha ofa mbili, linganisha na umri wa ajira za mabosi wenyewe. Bosi wa chuo kikubwa aliyepoteza mechi nyingi misimu miwili ni nyumba iliyokwisha kushika moto. Bosi wa chuo kidogo aliyekaa miaka kumi na mbili, ambaye wasaidizi wake wanne wa zamani sasa wako juu, ana thamani kuliko nembo. Muombe majina yao, halafu uwapigie. Hii ni dunia ya kupigiana simu: kila mwaka wakati wa nusu fainali ya taifa makocha hukusanyika kwenye mkutano wao katika mji huohuo, na kazi nyingi hunong'onwa kwenye kumbi za hoteli kabla hazijatangazwa popote.

Kamba hiyo inabana pia upande mwingine. Septemba 2017, FBI walipowakamata watu kwa rushwa kwenye usajili wa wachezaji, wasaidizi wanne wa vyuo vikubwa walikuwa miongoni mwao. Hakuna kocha mkuu aliyeshtakiwa mahakamani. Anayetumwa ndiye anayekutwa na mzigo. Ukifika mahali na mwezi wa kwanza ukaombwa upeleke bahasha ambayo hujaambiwa ina nini, kanunue tiketi ya basi.

Siku hizi fedha nyingi zimetoka hadharani. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na kwa mapatano yaliyopitishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Pamoja na uhuru wa kuhama, hii imebadilisha kazi ya msaidizi pande zote mbili. Chuo kikubwa sasa kila machipuko ni kama dirisha la usajili la Simba na Yanga: mawakala, bei, mchezaji anakuja na kuondoka ndani ya miezi kumi. Chuo kidogo kinamlea kijana miaka miwili, akiiva anachukuliwa na wakubwa. Inauma. Lakini kijana huyo namba yako anayo, na akiulizwa huko juu nani alimfundisha kutumia mkono wa kushoto, atakutaja.

Kuku mgeni

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yako ni viza. Hapa Mmarekani mwenzako hana shida na wewe unayo, kwa hiyo ushauri wake usiuchukue mzimamzima.

Viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wiki ya kikapu haikai ndani ya saa 20. Chuo kikubwa huwa na ofisi nzito ya wanafunzi wa kigeni na watu wa kuhesabu saa. Chuo kidogo kocha pengine hajawahi kuajiri mgeni, atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba mtaona mbele ya safari. Usikubali kuona mbele ya safari. Nenda mwenyewe ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini.

Ukimaliza uzamili unaweza kupata ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea. Zingatia hilo neno. Ukichukua uzamili wa uongozi wa michezo au ualimu wa mazoezi ya mwili, ukocha unaingia bila ubishi. Ukichukua wa mambo ya bima kwa sababu ndio uliokuwa na nafasi, utajieleza sana. Maombi yanaweza kutumwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza, na ukishaanza kutumia ruhusa hiyo, siku zako zote bila kazi hazitakiwi kuzidi 90. Kwa bahati, ukimaliza Mei, ndio msimu wa makocha kuajiri. Baada ya hapo ni H-1B, viza ya kazi, ambayo vyuo vikuu huomba bila kuingia kwenye bahati nasibu inayowakabili waajiri wengine. Septemba 2025 iliwekwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya Marekani, kwa hiyo usirudi nyumbani kungojea huko kabla hujazungumza na mwanasheria.

Ugeni una upande wake wa faida pia, na hapa chuo kikubwa kinapata pointi. Tommy Lloyd alikaa Gonzaga miaka ishirini kama msaidizi, na jina lake lilijengwa na wachezaji wa nje: Ronny Turiaf wa Ufaransa, Domantas Sabonis wa Lithuania, Rui Hachimura wa Japani. Arizona walipompa timu 2021, alishinda mechi 33 msimu wa kwanza. Sasa Afrika imefunguka. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, alipita akademia ya NBA kule Senegal, akacheza Duke, na 2025 akachaguliwa wa kumi NBA. Hasheem Thabeet alitoka Makongo, Dar es Salaam, hadi UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, na 2009 akachaguliwa wa pili. Msaidizi anayeweza kukaa sebuleni na mama wa kijana, akanywa chai yote bila kuangalia saa na kumjibu kwa Kiswahili mtoto wake atasoma nini, ana kitu ambacho wenzake hawana. Vyuo vikubwa ndivyo vyenye nauli ya kukutuma huko. Lakini kama kitu pekee wanachokutakia ni hicho, utakuwa mkalimani mwenye fulana ya timu.

Namba mbili wa kudumu

Ukishaingia, miaka kumi baadaye utakutana na chaguo jingine: kubaki namba mbili pakubwa au kwenda kuwa namba moja padogo. Bill Guthridge alikaa chini ya kocha mkuu Dean Smith pale North Carolina miaka 30, akarithi 1997 akiwa na miaka 60, akaenda nusu fainali mara mbili ndani ya misimu mitatu, akastaafu. Chris Dailey yuko na Geno Auriemma, kocha mkuu wa timu ya wanawake ya UConn, tangu 1985. Ni maisha mazuri, kama moyo wako unatosheka nayo. Kim Mulkey alingoja miaka 15 kama msaidizi Louisiana Tech. Alipoambiwa aichukue timu, alitaka mkataba wa miaka mitano, wakampa minne. Akaondoka kwenda Baylor mwaka 2000, na 2005 akawa bingwa wa taifa. Kuondoka nako kuna gharama yake: Bill Self, msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu pale Oral Roberts, alishinda mechi 6 na kupoteza 21.

Kwa ofa zako za Aprili hii, ningechukua Daraja la Pili, isipokuwa katika hali moja: chuo kikubwa kikiwa na kocha mkuu ambaye GA wake wa miaka ya karibuni walitoka baada ya mwaka mmoja au miwili wakaenda kufundisha kweli, nawe ukaahidiwa kwa maandishi utaondoka na shahada. Hapo nenda, ila weka tarehe ya kuondoka.

Kesho ukiwapigia, posho iache mwisho. Uliza skauti ngapi zitakuwa zangu. Uliza aliyekaa kiti hiki kabla yangu yuko wapi leo, na naweza kupata namba yake. Halafu nyamaza, usikilize anachukua muda gani kujibu.